Sophia Mustafa: Mjumbe wa Arusha Aliyeandika ya Karimjee

Kutoka hapa Daraja Mbili, Arusha, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Huko, katika Ukumbi wa Karimjee, ndiko Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha, alikokwenda kuliwakilisha Jimbo la Kaskazini katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, enzi za ukoloni.

Alizaliwa India mwaka 1922, akalelewa Nairobi. Alichaguliwa mwaka 1958, katika uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nayo haki ya kupiga kura haikuwa ya kila mtu. Ilitegemea kipato, elimu au cheo. Masharti hayo yaliwaudhi wengi. Hata hivyo, mkutano wa chama cha TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki, na chama kikawaunga mkono Waasia na Wazungu kiliokubaliana nao, ingawa chenyewe kilikuwa bado hakijawafungulia mlango wa uanachama. Sophia alikuwa mmoja wao, akashinda. Mtego wa wakoloni ukamnasa mtegaji.

Sophia alituachia kitabu, *The Tanganyika Way*, kilichotoka mwaka 1961, mwaka wa uhuru. Humo anasimulia siasa kama alivyoziishi mwenyewe, tangu kampeni hadi barazani.

Ukiwa na picha, kadi au barua ya uchaguzi wa 1958 nyumbani, usiitupe: nayo ni sehemu ya historia hii.