Sauti na Umiliki: Historia ya Televisheni ya Chuo Kikuu cha Howard

Wanahistoria wa fasihi ya Wamarekani Weusi wanapokitaja Chuo Kikuu cha Howard kilichoko Washington, aghalabu hutaja watu wa vitabu. Humtaja Alain Locke, aliyehariri The New Negro mwaka 1925. Humtaja Sterling A. Brown, aliyefundisha hapo kwa miaka 40 tangu 1929; hawamsahau Zora Neale Hurston, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la wanafunzi mwaka 1924, wala Toni Morrison, aliyehitimu mwaka 1953 kisha akarudi kufundisha. Ni nadra kuelezwa kwamba tangu tarehe 17 Novemba 1980 chuo hichohicho kinamiliki kituo cha televisheni ya umma, cha kwanza nchini Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na Weusi. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya kituo hicho ni sehemu ya historia ya fasihi yenyewe. Swali ambalo waandishi walikuwa wakiliuliza katika riwaya na mashairi, yaani nani anamsimulia nani na kwa idhini ya nani, lilihamia kwenye kioo cha televisheni. Huko lilikabiliana na mambo ambayo mshairi hakulazimika kuyawazia: leseni, mitambo, na serikali inayogawa masafa.

Miaka ya mwanzo ya televisheni ya Marekani haikumwacha Mtu Mweusi nje kabisa. Ilimwingiza kama kichekesho. Mchezo wa Amos 'n' Andy, uliotokana na redio ambako Wazungu wawili waliigiza sauti za Weusi, ulionyeshwa na CBS kati ya 1951 na 1953, na marudio yake yakaendelea hadi 1966, licha ya malalamiko ya chama cha NAACP. Lakini mfano unaofichua zaidi unapatikana Jackson, Mississippi. Mwaka 1955, Thurgood Marshall, aliyehitimu sheria Howard mwaka 1933 na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda kesi ya kukomesha ubaguzi katika shule, alihojiwa na mtandao wa NBC. Watazamaji wa kituo cha WLBT hawakumsikia. Matangazo yalikatizwa, na mahali pake pakawekwa maandishi ya kuomba radhi kwa hitilafu ya kebo. Hapana budi kuukumbuka udhibiti wa namna hii. Mkoloni aliyepiga kitabu marufuku alilazimika angalau kukitaja kwa jina. Kituo cha Jackson kilimfuta msemaji na kufuta pia ushahidi kwamba amefutwa.

Kanisa la United Church of Christ lilikwenda mahakamani kuipinga leseni ya kituo hicho. Hukumu ya mwaka 1966, iliyoandikwa na Jaji Warren Burger, ilikubali kwamba watazamaji wa kawaida wana haki ya kusikilizwa leseni inapohuishwa. Kabla ya hapo haki hiyo ilikuwa ya wale tu walioweza kuonyesha hasara ya kibiashara au usumbufu wa mitambo. Mwaka 1969 mahakama iliibatilisha leseni ya WLBT. Katikati ya miaka hiyo, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Utangazaji wa Umma ya 1967, na mnamo 1968 Tume ya Kerner, iliyochunguza ghasia za mijini, ikavilaumu vyombo vya habari kwa kuitazama nchi kwa macho ya Wazungu peke yao.

Matokeo ya haraka yalikuwa vipindi, si vituo. Tofauti hiyo ni muhimu. Black Journal kilianza Juni 1968, na Soul! cha Ellis Haizlip kikaanza New York mwaka huohuo, kikiwapa washairi na wanamuziki nafasi ambayo televisheni haikuwa imewapa kabla. Hata hivyo, Black Journal kilizaliwa kikiwa na kasoro. Kilitangazwa kuwa kipindi cha Weusi, kwa ajili ya Weusi, ilhali mamlaka ya uhariri yalikuwa mikononi mwa mtayarishaji Mzungu. Agosti 1968 wafanyakazi Weusi waligoma, na William Greaves akashika usukani. Soul! nacho kilikoma mwaka 1973 baada ya kukosa fedha. Mwenye kipindi ni mpangaji, na kodi hupandishwa na mwingine.

Howard ilikuwa na sababu zake za kutaka nyumba yake yenyewe. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1867, kikapewa jina la Jenerali Oliver Otis Howard, mkuu wa idara iliyoshughulikia watumwa walioachwa huru. Kwa muda mrefu kiliwalea mawakili, madaktari na walimu kwa mtaala uliofanana sana na wa vyuo vya Wazungu. Machi 1968 wanafunzi waliliteka jengo la utawala kwa siku kadhaa, wakidai, miongoni mwa mambo mengine, kwamba masomo yaelekezwe kwenye historia na utamaduni wa watu wao. (Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe Nairobi. Haidaiwi hapa kwamba upande mmoja uliuiga mwingine. Inatosha kuona kwamba swali la kipi kiwe kitovu lilikuwa limeiva pande zote mbili za bahari.) Chini ya James E. Cheek, aliyeingia kama rais wa chuo mwaka 1969, dai hilo lilichukua sura ya taasisi. Mwaka 1971 ilianzishwa Shule ya Mawasiliano, mkuu wake wa kwanza akiwa Tony Brown, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiongoza Black Journal. Mwaka huohuo kampuni ya Washington Post ilikipa chuo kituo cha redio, kikawa WHUR.

Televisheni ilichelewa kwa miaka tisa. Kufikia 1980, WGPR ya Detroit, kituo cha kwanza cha televisheni cha Weusi kilichoendeshwa kibiashara, kilikuwa hewani tangu 1975. Na Januari 1980, Robert L. Johnson alikuwa ameanzisha BET mjini Washington kwa saa mbili tu kwa wiki. Novemba ikaja WHMM, kwenye chaneli ya 32, herufi zake zikiashiria chuo na vyombo vya habari vya umma. Sensa ya mwaka huo ilionyesha kwamba Weusi walikuwa takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji. Kwa hiyo kituo hakikuwa sauti ya wachache ikipenya kwa wengi; kilikuwa sauti ya wengi wa mji ambao hata haukuwa na mjumbe mwenye haki ya kupiga kura Bungeni.

Mji huo, hata hivyo, ulikuwa tayari na kituo kingine cha umma, WETA, kilichoanza mwaka 1961, chenye wafadhili wakubwa na uzoefu wa kutengeneza vipindi vya taifa zima. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kazi yake moja bila pengine kulijua jina la kituo. The Africans: A Triple Heritage, mfululizo wa sehemu tisa wa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, ulitolewa mwaka 1986 kwa ushirikiano wa BBC na WETA. Mfululizo huo ulizua zogo. Lynne Cheney, mkuu wa mfuko wa serikali uliochangia gharama zake, aliuona kuwa unawashutumu mno Wamagharibi, akaagiza jina la mfuko liondolewe. Tukio hilo lina mafunzo mawili yanayovutana. Sauti ya Mwafrika iliweza kufika mbali kupitia kituo kisichokuwa chake, mbali kuliko ambavyo kituo cha Howard chenye umri wa miaka sita kingeweza kuifikisha. Na sauti hiyohiyo ilipokera, mtoa fedha alijitenga nayo hadharani.

Kwa uwezo wake mdogo, WHMM ilichagua utanzu uliogharimu kidogo: mazungumzo. Evening Exchange, kipindi kilichoongozwa na Kojo Nnamdi tangu 1985 hadi 2011, ndicho matini yake kuu. Nnamdi alizaliwa Guyana na alikuwa mwanahabari wa WHUR kabla ya kuhamia televisheni. Jina alilojichagulia, nusu la Kiakan na nusu la Kiigbo, ni tamko kamili la Uafrika unaovuka mipaka. Umbo la kipindi lilikuwa sahili: studio, viti, mwenyeji na wageni wachache. Mhakiki aliyezoea kupima televisheni kwa wingi wa picha atakiona kipindi hicho kuwa kikavu. Lakini anayekitazama kwa jicho la fasihi simulizi ataona kitu kinachokaribia baraza. Mwenyeji wa baraza si mwendesha mashtaka. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba neno halidondoki kabla ya kupokewa. Katika habari za vituo vikubwa, Mwamerika Mweusi alionekana kwa sekunde chache, aghalabu akiwa mshukiwa, mfiwa au mwanariadha. Hapa aliruhusiwa kumaliza sentensi yake, na, la muhimu zaidi, kupingwa na Mweusi mwenzake. Mzozo wa ndani, ambao jamii inayotazamwa na wageni huuficha kwa kuona haya, ulipata mahali halali pa kufanyikia.

Baraza hilo lilikuwa na mipaka yake ya kitabaka. Kituo cha chuo huwa na wasomi karibu na mlango, na mazungumzo ya studio humfaa zaidi aliyekwisha kufundishwa namna ya kuzungumza. Sterling Brown alikuwa amejenga ushairi wake, tangu Southern Road ya 1932, juu ya lugha ya wakulima na vibarua. Studio haikumfuata mbali hivyo.

Upande wa filamu, Howard ilikwenda njia tofauti. Haile Gerima, Mwethiopia aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1975, alitoa Sankofa mwaka 1993. Wasambazaji wa kawaida walipoikataa, aliipeleka mwenyewe kwa watazamaji, akikodi kumbi za sinema mji baada ya mji. Baadaye akafungua duka la vitabu na filamu mkabala na chuo. Miongoni mwa wapiga picha waliopitia Howard ni Arthur Jafa na Bradford Young. Gerima hakuamini kwamba taasisi yoyote, hata ya Weusi, ingeweza kumiliki usimulizi kwa niaba ya msanii. Shaka yake haikuwa ya bure. Chuo kinapokea fedha za serikali kuu tangu 1879, na mwaka 1989 wanafunzi waliliteka tena jengo la utawala kupinga kuteuliwa kwa Lee Atwater, mkuu wa chama cha Republican, kuwa mdhamini wa chuo. Atwater alijiuzulu, Cheek naye akaondoka mwaka huohuo.

Kilichofuata ni suala la kubaki. CBS iliinunua televisheni ya WGPR katikati ya miaka ya 1990. BET iliuzwa kwa Viacom kwa takriban dola bilioni 3, mauzo yaliyotangazwa mwaka 2000. WHMM ilibadili herufi mwaka 1998 ikawa WHUT. Mnada wa masafa ulipofanywa mwaka 2016 na 2017, ambapo vituo vilialikwa kuuza masafa yao ili yatumiwe na simu za mkononi, Howard ilifikiria kuuza, kisha ikaamua kubaki na kituo. Hoja ya waliotaka kuuza haikuwa ya kipuuzi: chuo chenye madeni na majengo yanayohitaji kukarabatiwa kinaweza kuuliza kama masafa yana thamani kuliko madarasa. Julai 2025 Bunge lilizifuta fedha zilizokuwa zimekwisha kutengewa utangazaji wa umma, zaidi ya dola bilioni moja, na mti ule uliopandwa kwa sheria ya 1967 ukakatwa kwenye shina.

Sehemu ya kanda za Evening Exchange imo katika hifadhi ya taifa ya utangazaji wa umma, inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge pamoja na kituo cha GBH cha Boston. Zimo humo saa nyingi za usemi wa papo kwa papo: wanasiasa, waandishi na wanaharakati wakikatizana, wakirudi nyuma, wakitafuta neno. Tahakiki iliyokwisha kuzihesabu barua na shajara za waandishi kuwa matini haina sababu ya kinadharia ya kuziacha kanda hizo kwa wanahistoria wa mitambo.