Utingo wa Profesa Fate: mashindano ya mwaka 1965 yakitazamwa kutoka Ipogolo

Kila mwaka, ninapofundisha historia ya barabara na usafirishaji, huwaonyesha wanafunzi filamu ya vichekesho iitwayo The Great Race, iliyoongozwa na Blake Edwards na kutolewa mwaka 1965. Wapo wanaouliza vita vya keki vina uhusiano gani na historia ya Nyanda za Juu Kusini. Ni swali la haki, na makala haya ni jibu langu kwao na kwa wasomaji wengine.

Filamu inahusu mashindano ya magari kutoka New York hadi Paris. Leslie, aliyeigizwa na Tony Curtis, ni shujaa aliyevaa nyeupe ambaye vumbi halimgusi. Mpinzani wake, Profesa Fate, aliyeigizwa na Jack Lemmon, amevaa nyeusi, na kila hila anayoipanga humrudia mwenyewe. Natalie Wood ni mwandishi wa habari anayedai haki za wanawake. Edwards aliitoa filamu hii kwa heshima ya Laurel na Hardy, na mtazamaji aliyewahi kuwaona wawili hao ataitambua shule yao mara moja: watu wanaanguka, mitambo inalipuka, keki zinarushwa kwa maelfu. Kwa maoni yangu ni ndefu kupita kiasi, na kisa cha ufalme wa kubuni wa Carpania kingeweza kupunguzwa nusu bila hasara. Hata hivyo inachekesha kwelikweli.

Mtu ninayemtazama zaidi ni Max, msaidizi wa Profesa Fate, aliyeigizwa na Peter Falk. Max ndiye anayebonyeza vitufe, anayetumwa kuharibu magari ya wenzao, na anayelaumiwa mambo yanapokwenda mrama. Kwa lugha ya barabara yetu, Max ni utingo. Filamu inatualika tumcheke, nasi tunamcheka. Lakini mwanahistoria akishacheka hana budi kuuliza: katika mashindano ya kweli, utingo alikuwa nani?

Mashindano ya kweli yalikuwapo. Tarehe 12 Februari 1908 magari sita yaliondoka New York kuelekea Paris. Wajerumani walifika kwanza, lakini waliadhibiwa kwa kulipakia gari lao kwenye treni sehemu ya safari, na ushindi ukapewa gari la Kimarekani, Thomas Flyer, lililofika tarehe 30 Julai. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba wakati huohuo gari jingine lilikuwa linahangaika katika ardhi ya Afrika. Luteni Paul Graetz wa jeshi la Ujerumani aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Zilikuwa siku 630.

Tuitafakari hiyo tarehe ya kuondoka. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinakwisha, na njaa ilikuwa imewafyeka watu wa Ungoni na Upangwa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Katika koloni hilohilo, ofisa mmoja anaamua kuthibitisha kwamba gari linaweza kulikata bara zima. Gari lilipokwama, lilivutwa kwa kamba na mikono ya Waafrika. Graetz aliandika kitabu na jina lake likabaki. Waliovuta kamba wakabaki kuwa kundi tu katika picha.

Sasa turudi mwaka 1965, mwaka wa filamu yenyewe. Pasaka ya mwaka huo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo, na anastahili sifa zote alizopata. Miezi michache baadaye yakaanza mashindano mengine, yasiyo na bendera wala kombe. Tarehe 11 Novemba Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia. Kabla mwaka haujaisha, Zambia, nchi changa isiyo na bahari, ilikuwa imekatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Ndege zilibeba kiasi, lakini mzigo mkubwa uliangukia malori kutoka Dar es Salaam, yakipanda Kitonga na kupita hapa Iringa, kisha Makambako na Mbeya hadi Tunduma. Barabara ilikuwa ya udongo, na Novemba ndipo mvua zetu zinapoanza. Wageni waliiita njia ya jehanamu.

Pipa la petroli, utelezi, na mteremko. Hapo hapana kichekesho. Lori lililopinduka katika filamu huinuka tukio linalofuata, na dereva hupangusa masizi usoni. Malori yaliyopinduka kwenye milima yetu hayakuinuka, na katika mengi ya hayo alikuwamo kijana aliyekaa juu ya mzigo, kazi yake kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968 na kupunguza mzigo huo. Lami na reli ya TAZARA vilifuata katika miaka ya 1970. Tunaisimulia TAZARA kwa fahari, na ni sawa. Lakini miaka ile mitatu ya matope, ambayo Zambia iliendelea kupumua kwa sababu ya madereva na mautingo, hupewa sentensi moja katika masomo ya ukombozi, ikipewa.

Ndiyo maana nataja Ipogolo. Hapa, chini ya mlima, ndipo njia ya kupanda Iringa mjini inapoachana na barabara kuu, na malori ya Zambia na Kongo yanasimama mpaka leo. Aliyekuwa utingo wa miaka 20 mwaka 1965 sasa anakaribia au amepita miaka 80. Watumishi wa utamaduni na nyaraka mnaosoma hapa, kazi hii haihitaji bajeti ya mradi: simu yenye kinasa sauti, daftari, na asubuhi chache za kukaa na wazee wa barabara hii. Maswali ya kuanzia ni mepesi. Nani alikuajiri? Ulilipwa kiasi gani? Nani alikufa mkiwa pamoja, na amezikwa wapi?