Mama Mkwe Katika Nyumba ya Mlango Mmoja



Kamati imeniomba historia fupi kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Wengi wameandika juu ya vita na safari. Mimi nimechagua jambo la ndani ya nyumba: wakwe wanapokuja kukaa katika kaya ambayo ndiyo kwanza inaanza.

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwakimbiza watu wengi. Waliovuka kwenda Tanzania walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na kuanzia mwaka 1973 Katumba, wilayani Mpanda. Ulyankulu ilizidiwa, maji na ardhi havikutosha. Ndipo kuanzia mwaka 1978 sehemu ya wakazi wakahamishiwa Mishamo, katika Mkoa wa Rukwa wa wakati ule, ambako sasa ni Mkoa wa Katavi. Mishamo ulikuwa msitu wa miombo wenye mbung'o. Vilipangwa vijiji 16, na kila familia ikapimiwa hekta 5 kando ya barabara. Miti ilikatwa kwa shoka, visiki vikachomwa, kisha wakapanda mahindi, maharage na mihogo. Mpaka mavuno yatoshe, watu waliishi kwa posho.

Babu yangu alikuwa mmoja wa hao wa kwanza. Alijenga nyumba ndogo ya udongo na nyasi yenye mlango mmoja. Walikuwa watu watano. Miezi michache baadaye lori lilimleta mama yake bibi, aliyekuwa akikaa na mwanawe Ulyankulu. Jina lake lilikuwa bado kwenye kadi ya mwanawe. Basi posho ilikuwa ya watu watano, na vinywa vilikuwa sita.

Hapa wasomaji wasio Warundi waelewe jambo moja. Kwetu mabukwe, yaani mama mkwe, ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mkwewe hamzoei, hali naye ovyo, wala halali karibu na mahali anapolala. Akija kutembea, hupokewa kwa pombe ya ndizi, urwarwa, kisha hurudi kwake. Mishamo migomba ilikuwa bado michanga. Babu hakuwa na ndizi wala pombe, na hakuwa na chumba cha pili. Kila asubuhi alitoka gizani ili asikutane na mama mkwe mlangoni. Bibi yetu mzaa baba alisimama katikati: akimpa mama yake chakula cha kutosha, watoto walilala na njaa, akimpunguzia, alikuwa binti asiye na adabu.

Siku moja babu alisema unga unakwisha kabla ya siku yake. Hakumtaja mtu. Lakini mama mkwe alisikia, akafunga mzigo wake, akaenda kukaa barabarani.

Kule milimani, ugomvi wa namna hii ulitibiwa na njia. Mkwe alirudi kwenye rugo lake, na baada ya mwezi watu walipelekeana pombe, yakaisha. Mishamo njia hiyo haikuwepo. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na rugo lake lilikuwa limebaki Burundi. Alikaa kando ya barabara mpaka jioni, kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Majirani wazee ndio waliomrudisha. Hawakuuliza nani mwenye kosa. Walimwambia babu, "Mjengee kabla hujaongeza shamba." Kwa siku chache walisaidiana kusimamisha kibanda upande wa pili wa uwanja, mlango wake ukielekea kwingine. Alipewa jiko lake na kipande cha shamba cha kulima mwenyewe. Jina lake nalo likaja kuhamishiwa kwenye kadi ya kijiji. Baba yangu anakumbuka kwamba msimu uliofuata yeye ndiye aliyewakopesha maharage. Alipofariki, babu alimlilia kama mama yake mzazi.

Najifunza mambo mawili. Kwanza, ugomvi ule haukutokana na roho mbaya. Adabu yetu ilitungwa kwa ajili ya watu wenye nafasi, nasi tuliibeba mpaka mahali pasipo na nafasi. Pili, aliyedharauliwa kwa kula bila kulima aliheshimika alipopata jembe na jiko lake.

Tangu kambi yetu ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 nimeona nyumba nyingi za mlango mmoja. Wanafunzi wangu huja shuleni wamenyamaza, na ukiuliza taratibu unaambiwa, "Bibi na baba hawasemezani." Kwa hiyo naomba ndugu zetu wa mashirika: mnapohesabu watu wa kaya, msihesabu vichwa tu, ulizeni nani ni mkwe wa nani. Pazia moja au mlango wa pili huweza kuokoa ndoa. Nasi wenyewe, wakwe zetu wakija, tusingoje wafunge mizigo. Barabara ya kambi haina mahali inapowapeleka.

Tuvumiliane.