UZI: Wafugaji wakiungana kuuza maziwa, huo ni ushirika ama ni kateli?

1/ Kila bei ya maziwa ikianguka, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema wafugaji waungane wapange bei. Mwingine anajibu: hiyo ni kateli! Tulieni kwanza. Marekani walianza kubishania hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado hawajamaliza.

2/ Mahindi unaweza kuweka ghalani ukingoja bei. Maziwa hayangoji. Na ng'ombe hajui mgomo, lazima akamuliwe. Kwa hivyo mfugaji mmoja mbele ya kampuni kubwa huchukua anachopewa.

3/ Mwaka wa 1890 Marekani ilipitisha sheria ya kupinga ukiritimba. Walengwa walikuwa matajiri wa kampuni kubwa kubwa, kama za mafuta. Lakini maneno yake yalikuwa mapana: yeyote anayeungana na wenzake kuzuia ushindani ana hatia. Wafugaji waliokubaliana bei nao wakanaswa humo.

4/ 1914 sheria ikalegezwa kidogo: vyama vya wakulima visivyo na hisa viliruhusiwa. Shida? Chama kinachotaka kujenga kiwanda kinahitaji mtaji, na mtaji mara nyingi hutoka kwa hisa. Miaka hiyo hiyo, viongozi wa wafugaji waliouza maziwa Chicago wakashtakiwa kwa kupanga bei.

5/ Tarehe 18 Februari 1922 ikaja sheria ya Capper-Volstead. Wakulima wakaruhusiwa kuungana, hata kwa hisa, na kuuza pamoja. Lakini kwa masharti: kila mwanachama awe na kura moja tu, ama gawio lisizidi asilimia 8 kwa mwaka. Bidhaa za wasio wanachama zisipite za wanachama kwa thamani. Na Waziri wa Kilimo anaweza kuingilia bei ikipandishwa kupita kiasi.

6/ Je, hiyo ni ruhusa ya kufanya lolote? Hapana. 1939 Mahakama ya Juu ilisema kinga haifuniki wafugaji wakishirikiana njama na wasambazaji na watu wengine wa nje. 1960 ikasema tena: ushirika hauwezi kununua mshindani ili kuua ushindani.

7/ Sasa sikilizeni hii. 1998 vyama vinne vikubwa viliungana kuwa Dairy Farmers of America. Baadaye wafugaji wa kaskazini-mashariki wakaushtaki ushirika wenyewe, wakidai bei yao imekandamizwa. 2016 kesi ikaisha kwa maelewano ya dola milioni 50. 2020 ushirika huo ukanunua viwanda 44 vya Dean Foods. Muuzaji wa maziwa ya mfugaji akawa pia mnunuzi wake!

8/ Sisi pia tuna historia. KCC ilianzishwa 1925, ikatawala soko la mijini hadi biashara ya maziwa ilipofunguliwa 1992. Wafugaji wengi wanakumbuka kupeleka maziwa na kungoja malipo.

9/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akisema "tutalinda ushirika", usipige makofi haraka. Muulize: unalinda wafugaji, ama unalinda ofisi? Nani anapiga kura? Nani anakagua vitabu? Na mwanachama asiyeridhika, ana mahali pengine pa kupeleka maziwa yake?

Kinga ya 1922 iliandikwa kwa ajili ya mnyonge. Jina la ushirika halithibitishi kwamba mnyonge bado yumo ndani. Mwisho wa uzi.