Kalamu ya Mwanzi na Hati za Lamu

Neno kalamu liliingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake tete, basi. Mnakili aliuchonga mwanzi kwa kisu, akaikata ncha mshazari, kisha akaipasua katikati ili wino ushuke taratibu. Ncha ilipolika aliichonga tena, na unene wa herufi ukabadilika katikati ya utenzi. Msomaji wa haraka huweza kudhani mkono ni wa mtu mwingine, akakosea kumtaja mwandishi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Hata hivyo, mwaka 1936 Ernst Dammann alimkuta Lamu mzee Muhamadi Kijuma, angali ananakili tenzi kwa herufi za Kiarabu.