Mlio wa breki za gari

Mlio wa breki ni sauti isiyo ya kawaida inayosikika gari linapopunguza mwendo au kusimama. Mara nyingi ni dalili ya kwanza ya uchakavu wa breki, lakini unaweza pia kutoka kwenye magurudumu, injini au ekzosi. Kutambua chanzo chake mapema ni muhimu hasa katika maeneo yenye miteremko mirefu, kama Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania.

Asili ya sauti
Breki hugeuza nguvu ya mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano. Katika breki za diski, pedi mbili huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika breki za ngoma, viatu vya breki husukumwa nje kugusa ngoma kwa ndani. Msuguano usio sawa husababisha mtetemo, na mtetemo huo ndio unaosikika kama mlio.

Aina za sauti na maana yake
* Mlio mwembamba wa kufyonza: pedi zinakaribia kwisha. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zinapobaki nyembamba, ili kumwonya dereva.
* Kukwaruza kwa chuma: pedi zimekwisha na bati lake linakula diski. Gari halifai kuendelea na safari.
* Kugonga: kalipa imelegea, au bushi na viungo vya mbele vimechakaa.
* Kuvuma kunakobadilika usukani unapokatwa: mara nyingi ni beringi ya gurudumu.
* Mtetemo kwenye pedali au usukani: diski haiko sawa.
* Kukwaruza kidogo asubuhi: kutu nyepesi iliyotokana na umande au mvua; huisha baada ya kukanyaga breki mara chache.

Kutafuta chanzo
Fundi huanza kwa kuuliza sauti inatokea lini. Ikisikika tu mguu ukiwa kwenye breki, uchunguzi huanzia kwenye breki. Ikisikika dereva anapoachia mafuta bila kukanyaga breki, hukaguliwa ekzosi, mikono ya injini na difu. Kisha gari huinuliwa kwa jeki likiwa mahali tambarare na magurudumu mengine yamewekewa vizuizi. Kila gurudumu huzungushwa na kutikiswa kwa mkono, na unene wa pedi hutazamwa pande zote mbili, kwa kuwa pedi ya ndani inaweza kuisha kabla ya ile ya nje. Jiwe dogo lililonasa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi huweza kutoa kelele kubwa, hasa katika barabara za changarawe.

Kupaka mafuta au grisi kwenye uso wa pedi ili kunyamazisha kelele ni hatari, kwani huondoa msuguano. Diski yenye moto haipaswi kumwagiwa maji. Inaweza kupinda au kupasuka.

Miteremko ya Iringa na Mbeya
Barabara kuu ya TANZAM, inayounganisha Dar es Salaam na Zambia, hupita Mlima Kitonga mkoani Iringa, na katika Mbeya hupita Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 100 kwa mwendo usiobadilika, likizuiwa na breki pekee, huzalisha joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji baridi. Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu huweza kuchemka, pedali ikawa laini na kuzama.

Kwa sababu hiyo dereva hushuka kwa gia ndogo, injini ikisaidia kuzuia gari, wala hatoi gia. Mngurumo wa lori linaloshuka kwa breki ya ekzosi ni wa kawaida. Sauti ya upepo unaovuja kwenye lori lenye breki za upepo si ya kawaida, na gari hilo lapaswa kusimamishwa kabla ya mteremko. Harufu ya kuungua au moshi magurudumuni ni ishara ya kusimama mahali salama na kuziacha breki zipoe zenyewe.