Hukumu za Gizani
Nimetazama upya misimu miwili ya mwisho ya Battlestar Galactica, tamthilia ya Marekani iliyohitimishwa mwaka 2009. Msimu wa tatu ulianza kurushwa Oktoba 2006, majeshi ya Marekani yakiwa bado vitani Iraki. Humo, wanadamu ndio wanaokaliwa kimabavu na Wasailoni, mashine zenye sura ya watu. Baada ya ukombozi, watu sita wanawahukumu kwa siri walioshirikiana na adui. Nusura wamuue Gaeta, msaidizi mkuu wa rais kibaraka, kumbe ndiye aliyewapenyezea wapiganaji taarifa. Rais Roslin anatangaza msamaha kwa wote. Funzo naliona bayana: mahakama ya siri, ikimnyima mshitakiwa nafasi ya kujitetea, hujinyima yenyewe ushahidi.